Saa ya Bwana Shamba

Saa yake ya mkononi ilifuata jua, haikufuata kiwanda kilichoitengeneza. Sisi wengine tulikuwa tukifanya ile hesabu ya kila siku bila kuifikiria, mshale unaonyesha nane, mdomo unasema saa mbili. Yeye alikataa. Aliizungusha mishale yake mpaka saa mbili asubuhi ikasomeka mbili pale pale kwenye kioo, na akaivaa hivyo kwa miaka yote niliyomfahamu.

"Jua likitoka ndiyo siku imezaliwa," alikuwa akisema. "Sasa kwa nini nianze kuhesabu na saba? Kwani mtoto huzaliwa na meno?"

Ofisini tulimcheka sana. Kulikuwa na kisa cha mkubwa mmoja kutoka Migori aliyesinzia kwenye kiti, akaamka na kuushika mkono wa Bwana Shamba kuangalia saa. Akaona tatu, akadhani alasiri imefika, akapanda gari akaenda zake huku chai ya asubuhi ikifuka moshi mezani. Sijui kama kilitokea hivyo hasa. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikisimulia kwa kila mgeni, na nilicheka kuliko wote. Nalitaja jambo hili mapema ili baadaye nisije nikajitetea kwamba sikujua saa yake ilivyokuwa.

Alikuwa bwana shamba wetu pale Uriri, na hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe, alipokuja kumtembelea kutoka upande wa Homa Bay, aliuliza langoni, "Bwana Shamba yuko?" Mimi nilikuwa mpiga chapa wa kibarua, msichana mwenye cheti kipya na mdomo mrefu. Aliniita nyara, binti yangu kwa Dholuo, tangu siku ya kwanza. Mimi nikamwita baba, mwanzoni kwa adabu tu, baadaye kwa kweli.

Alitembea na mwavuli mvua iwepo isiwepo, na alivaa buti za mpira hata kanisani. Alikuwa mkali. Mkulima akipanda mahindi bila mstari, Bwana Shamba alisimama kando ya shamba na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Haya mahindi yamepandwa au yamemwagika?" Lakini mke wa mkulima huyo huyo akijifungua, yeye ndiye aliyefika kwanza na mchele. Shambani alisoma kila kitu mara mbili, hata maandishi madogo kwenye mfuko wa mbolea. Ofisini alitia sahihi chochote nilichomwekea mbele, bila hata kuvaa miwani.

"Umepiga wewe?"

"Nimepiga mimi, baba."

"Basi imekwisha." Na kalamu ikapita.

Watu wa nje walimjua kwa mambo ya mbegu na dawa za wadudu. Sisi wa karibu tulimjua kwa ndege. Kila mwaka, Oktoba ikielekea kwisha, mashamba yakiwa yamekauka mpaka vumbi linaingia kwenye meno na kila mtu anatazama mbingu akitafuta mvua, yeye alitazama mbingu akitafuta wawindaji: tai, kozi na mwewe wa kila aina, wanaotoka mbali huko kaskazini kwenye baridi na kupita juu yetu wakienda kusini. Alipanda kilima kilicho nyuma ya ofisi kabla ya kazi, akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akahesabu. Darubini yake ilikuwa na jicho moja zima, lile jingine lilikuwa na ufa. Aliandika kwenye madaftari ya shule, yale ya mistari, moja kila mwaka, na nilipoanza kazi alikuwa ameshajaza saba.

Akina mama hawakumwelewa hata kidogo. Kwao mwewe ni otenga, mwizi wa vifaranga, na hapa serikali inamlipa mtu mshahara amhesabu! Siku moja mama mmoja alimletea mabawa ya kifaranga kwenye sahani, akayaweka juu ya meza yake.

"Ndege yako ilisahau hii," akamwambia.

Bwana Shamba hakukasirika. Alitoka naye mpaka nyumbani, akachukua tenga la kubebea nyanya, akamfunika kuku na wanawe. "Mwache hapo mpaka saa nne. Wageni wakishapita, mfungue. Otenga anaogopa tenga." Alifurahishwa na maneno yake mwenyewe kiasi kwamba alirudi ofisini akitusimulia mara mbili. Mwaka uliofuata, ukipita Uriri asubuhi za Novemba, uliona matenga yamepinduliwa nyumba hadi nyumba, na ndani yake kuku wakilalamika.

Yeye mwenyewe alipenda nyama ya kuku kupita kiasi. Nilipomtania alijibu, "Mimi na otenga tuna tabia moja. Ndiyo maana nimemsamehe."

Alikuwa Msabato, na hapo ndipo palipokuwa na vita vyake vya moyoni. Ndege hawajui Jumamosi. Alikubaliana na nafsi yake kwamba kutazama si kazi, ila kuandika ni kazi. Basi Jumamosi alipanda kilima kabla ya ibada, mikono mitupu, akahesabu, kisha akazibeba hesabu kichwani siku nzima, ibadani, kwenye chakula, akiwa hataki kuzungumza sana zisije zikamwagika. Jua likishazama ndipo alipofungua daftari. Mkewe alisema ukitaka ruhusa ya jambo lolote, muombe Jumamosi, atakubali tu ili unyamaze.

Nilipanda naye mara moja. Aliniambia, "Nyara, unapiga chapa barua za mbolea kila siku. Njoo uone kitu kisichohitaji mbolea." Nilikwenda kwa udadisi, na kwa sababu kupanda kilima na Bwana Shamba kulinipa kisingizio cha kuchelewa kazini.

Tulifika juu ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde. Chini yetu mashamba yalikuwa ya kahawia, mabua yamesimama makavu, na upande wa Kehancha moshi wa mabanda ya tumbaku. Nilikuwa tayari na macho yangu yote. Hakuna kitu. Kunguru wawili.

"Baba, wamekataa kuja."

"Hawajakataa. Tai ni mzito, hawezi kuruka kwa nguvu zake safari yote hiyo. Anangojea ardhi ipate moto, hewa inyanyuke imbebe. Mapema hivi utaona kozi tu, wale wadogo, wana haraka. Mkubwa bado amekaa kwenye mti anaota jua kama mzee."

Akanipa daftari na penseli. "Leo wewe ndiye karani. Mimi nitasema, wewe uandike. Na usinyooshe kidole juu, utanipotezea hesabu."

Kozi wakapita kwanza, wembamba, wepesi. Nikaandika. Kisha jua likaanza kuuma shingo, na chini kabisa, juu ya mashamba ya jirani, nikaona kitu cheusi kikizunguka. Halafu viwili. Halafu, yawa! Walikuwa wengi, wanazunguka pamoja bila kupiga bawa, wanapanda, wanapanda, mpaka wakawa juu yetu, na mmoja akapita karibu kiasi kwamba nilimwona akigeuza kichwa kututazama. Huko juu waliacha kuzunguka, wakanyoosha mabawa, wakateleza kuelekea Tanzania mmoja nyuma ya mwingine. Bwana Shamba alikuwa anakunja vidole, kila kidole kumi, midomo ikitembea. Mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi, penseli imeanguka.

"Andika! Andika saa!" akanisukumia mkono wake usoni.

Nikaisoma saa yake. Nikaandika kwa mkono wangu: 2.40, asubuhi.

Tukiteremka tulikuta shamba lililolimwa limejaa kumbikumbi waliotoka baada ya manyunyu ya usiku, na tai wanane wako chini wanatembea kwenye matuta, wanadonoa kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku wa nyumbani. Wakubwa vile, na kucha zile! Mwenye shamba alikuwa amesimama na jembe, hajui awafukuze au awaache. Bwana Shamba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia lile jambo ambalo nadhani lilikuwa linamkaa moyoni miaka yote.

"Niliwahi kuona ramani ya njia zao, kwenye kitabu cha mtu. Imechorwa vizuri. Mstari unafika Kisumu, unaishia. Halafu unaanza tena Tanzania. Hapa kwetu katikati, hakuna kitu. Sasa nyara, niambie, kwani wakifika hapa wanapita chini ya ardhi?"

Alitaka huo mstari uunganishwe. Ni hilo tu. Hakutaka cheo wala safari. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na alitaka kabla ya hapo mtu fulani mwenye ramani aandike kwamba wanapita Uriri.

Na nafasi ilikuja. Wageni wawili wa chama cha watu wa ndege, kutoka Nairobi, walipita ofisini wakielekea mpakani, wakasikia habari zake, wakaomba awatumie rekodi zote kwa posta, zikiwa zimepigwa chapa kwa Kiingereza. Aliniletea madaftari kumi na moja, ameyafunga kwa kamba ya katani. Aliyaweka mezani taratibu.

"Hii ndiyo kazi yangu," akasema. "Ile nyingine ni ya serikali."

Chuoni tulifundishwa kwamba mpiga chapa hodari hasomi, macho yanaona, vidole vinapiga. Nilijivunia hilo. Nilitaka pia kumwonyesha mpiga chapa mwenzangu kwamba naweza kumaliza madaftari yote kwa wiki moja, na kweli nilimaliza kwa siku nne. Kila alipoandika asubuhi, nilipiga a.m. Saa 2.40 asubuhi, vidole vikapiga 2.40 a.m. Saa 3.15 asubuhi, 3.15 a.m. Ukurasa baada ya ukurasa, safi, hakuna kufuta hata mahali pamoja. Yeye alipitisha macho mara hii, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, na alivaa miwani. Kila namba ililingana na daftari lake na saa iliyokuwa mkononi mwake. Akatia sahihi. Akanunua stempu mwenyewe.

Jibu lilichukua miezi. Aliniletea bahasha bila kuifungua, na akakaa kwenye kiti cha wageni, mwavuli katikati ya magoti.

"Soma wewe. Kizungu chao kina kona nyingi."

Nikafungua. Ilikuwa barua ya adabu. Walimshukuru. Kisha wakasema kwamba kwa bahati mbaya rekodi zinaonyesha mamia ya tai wakisafiri saa nane na saa tisa za usiku, na kwamba ndege hawa hawasafiri usiku kwa kuwa wanahitaji hewa ya moto kuwanyanyua. Kwa hiyo walisikitika, hawawezi kuzitumia.

Hewa ya moto! Wanamfundisha yeye!

Nilielewa pale pale. Sikuhitaji hata kurudia mstari. Niliona vidole vyangu vikipiga ile a.m. mara elfu. Na katika dakika hiyo hiyo nikakumbuka kwamba wiki ile mkuu wa ofisi alikuwa ametuambia kati yetu wapiga chapa wawili wa kibarua atabaki mmoja, aandikwe kazi ya kudumu. Mwenzangu alikuwa mezani kwake, hatua tatu, amesimamisha taipureta, anasikiliza.

"Wanasema nini?"

"Wanasema... wanashukuru sana, baba. Ila hawawezi kuzitumia."

"Kwa nini?"

"Hawakusema."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Wameona ni mtu wa darasa la saba," akasema. Akainuka. "Weka kwa faili, nyara." Akatoka kwenda stoo, kulikuwa na akina mama wanangojea mbegu.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kingetokea kama ningesema. Angenigombeza? Labda angeuliza kwa sauti kubwa kama hesabu hii imepigwa au imemwagika. Halafu angecheka, angeniambia nipige upya, na barua ingeondoka wiki hiyo. Hilo ndilo linaloniuma. Lilikuwa kosa la kurekebishwa kwa kalamu.

Mimi ndiye niliyebaki kazini.

Oktoba iliyofuata hakupanda. Nilingoja nikidhani amechelewa. Asubuhi moja, kupitia dirisha la ofisi, nikawaona tai wanapanda juu ya kilima wakizunguka, makundi kwa makundi, na yeye alikuwa chini, mlangoni mwa stoo, anapima mbegu za mtama, kofia imemfunika macho. Mama mmoja akamwuliza kwa furaha, "Bwana Shamba, wageni wako wamefika, tufunike vifaranga?"

"Funikeni mkitaka," akajibu.

Nilifungua mdomo siku ile. Wallahi nilifungua. Nikatoka mpaka mlangoni, akaniuliza, "Unasemaje, nyara?" Nikamwambia chai iko tayari. Nilifanya hivyo tena na tena, mpaka ikawa aibu ya kunyamaza ni kubwa kuliko aibu ya kosa lenyewe. Kisha akastaafu. Tulimfanyia sherehe ndogo, mimi ndiye niliyepiga chapa hotuba ya kumuaga, na ndani yake hakukuwa na ndege hata mmoja.

Kilichonivunja ni binti yangu. Alikuwa darasa la tatu, akaja na kazi ya nyumbani: andika saa hizi kwa Kiingereza. Saa mbili asubuhi. Saa tatu asubuhi. Akajaza zote bila kuniuliza, akanisukumia daftari niangalie. Alikuwa amepata zote. Nilikaa na lile daftari mpaka akaniuliza, "Mama, kwani nimekosa?"

Jumapili ya kwanza ya Novemba nikaenda Homa Bay. Kwake ni upande wa mlima unaotazama bonde la Lambwe. Nilibeba ile barua, na nakala za kaboni za kurasa zote, ambazo nilikuwa nimezificha kwenye droo yangu miaka mitano. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Mkewe alikuwa anapepeta karibu naye. Mzee amekonda, lakini buti ni zile zile, na saa ni ile ile.

"Nyara! Umepotea wewe. Mama, ona nani amekuja."

Sikukaa. Nilijua nikikaa wataleta chai, na nikinywa chai sitasema. Nikampa barua. "Baba, isome hii mwenyewe."

Alivaa miwani. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, midomo ikitembea kama wakati ule wa kuhesabu. Kidole kikafika mahali kikasimama. Akatazama saa yake. Akarudi kwenye barua. Akatazama saa tena.

"Usiku," akasema.

"Ni mimi, baba. Niliandika a.m. bila kuongeza sita. Wao wakasoma usiku."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nikiisoma mbele yako."

Mkewe aliacha kupepeta.

"Mimi nilikuuliza kwa nini," Bwana Shamba akasema. Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda.

"Uliniuliza."

"Ukasema hawakusema."

"Nilisema hivyo. Nisamehe, baba."

Alirudi kwenye gunzi lake, akapukuchua mistari miwili, mitatu. Nikaanza kusema haraka haraka kwamba nitarekebisha, alete madaftari tu nitapiga upya kila kitu kwa mkono wangu.

"Madaftari nilimpa mama wa njugu, pale sokoni," akasema. "Alikuwa anahitaji karatasi za kufungia. Watu wameshakula, wametupa."

"Basi ninazo nakala! Hizi hapa. Ni kuongeza sita kila mahali, baba, sita tu."

Akazipokea, akazipima mkononi. "Hii miaka kumi na moja, sawa, utaongeza sita. Na hii mitano ambayo nimekaa chini, utaongeza ngapi?"

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. "Ndege zako hizo," akamwambia kwa upole, akionyesha kwa kidevu juu ya bonde. Walikuwa wanapanda kutoka upande wa mashamba, weusi, wanazunguka bila kupiga bawa, wengi kuliko nilivyowahi kuona. Nilimtazama yeye. Nilingoja ainue kichwa, vidole vianze kujikunja. Hakuinua. Alikuwa anaitazama saa yake.

"Kwa hao watu," akauliza, "sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama yangu. "Tisa na robo."

Akaivua. Akaivuta ile pini ya pembeni kwa kucha, akaanza kuizungusha mishale, nne, tano, sita, taratibu, mpaka ikafika tisa na robo. Akaivaa tena. Akanyoosha mkono akanionyesha.

"Iko sawa sasa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Lakini ile saa haikuwa imekosea hata siku moja.